Benja Kabla ya Singapore, na Baada

Huku Mwiki, ukisema mpira unamaanisha mpira wa miguu. Raga tuliijua kama mchezo wa Ngong Road, wa watu waliosoma shule kubwa. Lakini Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016, hata wasiojua trai ni nini waliuliza: ati tumefanya nini Singapore?

Tulikuwa tumeichapa Fiji 30-7 kwenye fainali. Kenya haikuwa imewahi kushinda duru hata moja ya Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba. Na Fiji haikuwa timu ya kubahatisha: miezi minne baadaye ilibeba dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Collins Injera ndiye aliyetajwa zaidi siku hiyo. Kocha wake alikuwa Benjamin Ayimba, Benja kwa wasee wa raga.

Benja hakuletwa na ndege akiwa na kandarasi mkononi. Alichezea Impala, akaenda Uingereza kuchezea Cornish Pirates, akawa nahodha wa timu ya taifa. Alipohamia ukocha, aliwafundisha vijana jezi aliyoivaa mwenyewe. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la Dubai, timu yake iliitoa Fiji robo fainali kabla ya kusimamishwa na Argentina kwenye nusu fainali. Msimu huohuo Injera aliongoza dunia nzima kwa trai.

Mwaka 2011 aliondoka. Wageni wakaja, wengine wakafanya vizuri, wakaenda zao. Mwaka 2015 mambo yalipokuwa mabaya, akaitwa tena. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Singapore ikatokea.

Lakini kocha wa nyumbani huku kwetu hapewi muda wa kukosea. Rio tulimaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12, na muda mfupi baadaye kazi ikaenda kwa Innocent Simiyu, aliyekuwa mchezaji wake. Angalau kiti kilibaki kwa mtu aliyelelewa na timu ileile. Hiyo pia ni kazi ya Benja: alionyesha kwamba mchezaji wa Kenya anaweza kuvua viatu vya njumu na bado akaongoza.

Mwaka 2021 aliugua malaria iliyopanda kichwani. Familia ikaomba Wakenya wasaidie kulipa bili ya hospitali, na michango ikaanza kupitishwa kwa simu, jinsi tunavyochanga hapa mtaani jirani akilazwa. Tarehe 21 Mei alifariki, kabla hajafika miaka 50.

Timu ile tunaiita Shujaa. Jina zuri, na tunalipiga kelele vizuri wakishinda. Ila mtu aliyeipa kombe lake la kwanza aliishia kuchangishiwa, na hilo ni sehemu ya historia ya Singapore kama vile zile alama 30.