Kisukari cha mimba na uzito mkubwa: kinga ya mwili nayo huvurugika

Mjamzito mwenye uzito mkubwa akipata kisukari cha mimba, tatizo haliishii kwenye sukari. Kinga ya mwili nayo inabadilika.

Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu. Yakizidi, askari wa kinga waitwao makrofaji hujazana humo na kumwaga kemikali kama TNF-alfa na interleukini-6. Hizo huleta uvimbe wa chini kwa chini, yaani hauumi wala hauleti homa, ila unaizuia insulini kufanya kazi. Kondo la nyuma nalo hutoa homoni zinazoidhoofisha insulini hiyohiyo. Kongosho likishindwa kufidia, sukari inapanda.

Cha ajabu, kinga hiyo iliyo macho muda wote haimlindi mama vizuri zaidi. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu hulegea katika kumeza na kuua bakteria. Ndiyo maana UTI na fangasi ukeni huwasumbua kina mama hawa, na kidonda cha upasuaji huweza kuchelewa kupona.

Wengi hawana dalili yoyote, hivyo kipimo ndicho kinachosema. Kwa kawaida hufanyika wiki ya 24 hadi 28, mama akinywa glukosi gramu 75. Kwa vigezo vya WHO, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa milimoli 5.1 hadi 6.9 kwa lita, hicho ni kisukari cha mimba.

Kondo likishatoka, sukari mara nyingi hushuka yenyewe. Hata hivyo mama arudi kupimwa wiki ya 6 hadi 12 baada ya kujifungua, maana hatari ya kisukari cha aina ya 2 inabaki.