Nani Alisafiri, na kwa Umri Gani?

Leo tutawatazama watalii wa Uingereza, yaani watu waendao nchi za mbali ili kutembea na kuona. Tuulize: walikuwa na umri gani?

Hapo zamani mtalii alikuwa kijana wa kitajiri. Mwaka 1764 kijana wa ukoo mkubwa, Duke wa Buccleuch, alivuka bahari kwenda Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 17. Mwalimu Adam Smith aliacha kazi yake katika chuo kikuu cha Glasgow ili afuatane naye, wakakaa huko zaidi ya miaka miwili. Je, mkulima wa miaka 50 hakuwa na miguu? Alikuwa nayo. Alikosa fedha na nafasi.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1841 Bwana Thomas Cook aliwapeleka watu wapata 500 kwa treni kutoka Leicester mpaka Loughborough, kwenda na kurudi kwa shilingi moja. Mwaka 1855 alianza kuwapeleka watu ng'ambo. Basi watu wazima wenye kipato cha kadiri wakaanza kusafiri, na wanawake wengi pia, kwa kuwa walikwenda kwa kundi.

Na wazee je? Mwaka 1909 serikali ilianza kuwapa pensheni wazee maskini waliofikia miaka 70. Lakini shilingi 5 kwa juma hazikutosha safari. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya likizo yenye mshahara. Mwaka 1952 ndege ya jeti ilianza kuchukua abiria kutoka London mpaka Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Baadaye pensheni zikaongezeka na nauli zikapungua, na wazee wengi wakaanza kupanda ndege.

Vijana nao walirudi. Mwaka 1972 reli za Ulaya zilitoa tiketi ya mwezi mzima kwa wasiozidi miaka 21. Safari hii haikuwalazimu kuwa wana wa matajiri.

Basi ukimwona mtalii mwenye mvi akishuka Mombasa au Unguja, usidhani ni mtu wa ajabu. Umri wake haukubadilisha mambo. Yaliyobadilika ni nauli, likizo na pensheni.

Sasa zungumzeni darasani: katika kijiji chenu nani husafiri, na nani hubaki? Kwa sababu gani?