Pumzi Kwanza

Mtu akitolewa ziwani pale Sindo, Homa Bay, utaona akilazwa kifudifudi mchangani, mwingine ampande na kumkandamiza mgongo ili maji yatoke. Wasee wa Nairobi waliosomea huduma ya kwanza huicheka hiyo. Mambo ya ushago, wanasema.

Kumbe ni mambo ya kitabuni. Mwaka 1903, profesa wa Edinburgh aitwaye Edward Schafer alitangaza njia kama hiyo, ikafundishwa kwa miongo mingi katika himaya ya Waingereza. St John Ambulance walipoanza kazi Kenya mwaka 1928, huo ndio ulikuwa usasa wenyewe.

Na nyuma ya Schafer kulikuwa na vituko zaidi. Amsterdam ni mji wa mifereji. Watu walizama kila mara, na mwaka 1767 wakaazi wakaunda chama cha kuwaokoa. Ushauri wa chama: mpashe joto, mpulizie pumzi mdomoni, halafu, usicheke, mpulizie moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. London nao wakaunda chama chao mwaka 1774, wakawa wanawatuza pesa waliojaribu kuokoa. Yaani elimu hii haikuanzia kwenye ajali za barabarani wala maradhi ya moyo. Ilianzia kwa watu waliozama.

Pumzi ya mdomo iliachwa kwa muda mrefu. Iliyoirudisha ni kazi ya Peter Safar huko Baltimore, miaka ya 1950. Aliwapa watu waliojitolea dawa ya kulegeza misuli hadi wakashindwa kujipumulia, akaonyesha kwamba pumzi ya mwokoaji inatosha, na kwamba kukandamiza mgongo hakuingizi hewa ya maana. Mwaka 1960 ikaja kubonyeza kifua. Wakati huohuo Asmund Laerdal, mtengenezaji wa wanasesere wa Norway ambaye mtoto wake aliponea chupuchupu kuzama, akatengeneza yule mwanasesere wa mazoezi. Uso wake ni wa msichana asiyejulikana ambaye, kwa masimulizi, aliopolewa kutoka mto Seine, Paris. Ukipiga magoti kwenye zulia la ofisi kufanya mazoezi, unampulizia mtu aliyezama.

Halafu miji ikaichukua elimu hii. Mwaka 2008 wataalamu wa moyo wa Marekani walisema mpita njia anaweza kubonyeza kifua tu, bila pumzi. Ni sawa kabisa kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla stejini, kwa sababu damu yake bado ina oksijeni. Aliyezama ni kinyume: moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Yeye huanziwa na pumzi, ndipo kifua kifuate. Mafunzo yakikatwakatwa hadi yawe video ya sekunde 30, hicho ndicho kipande kinachotupwa, na kwa Sindo hicho ndicho kipande chenyewe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai sanduku la huduma ya kwanza mahali pa kazi. Ofisi zinatii, ukutani kuna msalaba wa kijani. Mashua ya omena nayo ni mahali pa kazi, ila haina ukuta. Wavuvi hutoka jioni na taa zao, hufanya kazi usiku, mbali na nchi kavu. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, nne au tano hivi. Hata hospitali ingejengwa palepale mchangani, ingekuwa mbali mno.

“Jaduong’, mwenzako akianguka usiku, nani anamsaidia?” nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu.

“Yule aliye naye.”

Nilipomweleza habari ya pumzi, hakushangaa wala kubisha. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mashua ikiyumba, unamshika wapi?

Mkono mmoja kwenye paji la uso, nikamwambia, mwingine uinue kidevu. Rudisha kichwa nyuma, bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, puliza mpaka uone kifua kinapanda.

Aliweka wavu chini, akamwita mjukuu wake alale chali.