Mwendo, Umbali na Muda: Safari ya Pwani hadi Dodoma

Mtu akiuliza umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mara nyingi hujibiwa: "Saa moja kwa ndege." Ameuliza umbali, amejibiwa muda. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo lina asili ya kale, na kwamba mfasiri hana budi kujua ni wapi linafaa na ni wapi linapotosha.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi ambamo leo umo mji wa Dodoma. Wapagazi hawakuipima njia kwa urefu. Walihesabu siku na vituo. Mwendo wa siku moja ulirefuka au kufupika kwa kadiri ya mizigo, mvua, na hasa mahali penye maji. Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Ili kuivuka, msafara uliondoka mchana, ukalala njiani pasipo maji, ukayafikia kesho yake. Mwendo huo ulikuwa na jina lake: terekeza. Tena ndani ya Ugogo msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukingoja mapatano ya hongo, neno ambalo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru uliotozwa na watawala wa nchi. Siku hizo nazo zilihesabiwa katika safari. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akaivuka Marenga Mkali mwezi Mei.

Reli ilibadili hesabu hiyo. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Njia ya reli hupimwa, na treni hufuata ratiba. Hapo umbali ukatengana na muda. Ilipoamuliwa mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, safari hii ikawa sehemu ya kazi ya watumishi wengi. Kwa barabara ni kiasi cha kilomita 450. Kwa mstari ulionyooka ni karibu 400. Ndege huchukua kiasi cha saa moja, na treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, huchukua baina ya saa tatu na nne.

Hapa ndipo penye mtego. "Ndege ya saa moja" ni ile inayoruka kwa muda wa saa moja, au ni ile inayoondoka saa moja asubuhi, ambayo katika ratiba huandikwa 7:00? Mtumishi aliyeandikiwa hivyo katika barua ya safari aweza kuikosa ndege.

Kwa hiyo twapendekeza: "umbali" utumike kwa kilomita, "muda wa saa 1" kwa urefu wa safari, na saa ya kuondoka itajwe daima pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Lakini "mwendo wa siku mbili" katika habari za misafara uachwe ulivyo. Mwalimu akiugeuza kuwa kilomita, atakuwa ameondoa maji, mizigo na hongo, yaani mambo yenyewe yaliyopimwa.