Dalali, Rehani na Hongo: Historia ya Maneno ya Mikopo ya Nyumba, na Haja ya Istilahi Dodoma

Lugha hukua pamoja na mambo ya wenye lugha. Mji unapopanuka, maneno ya ardhi na nyumba nayo hupanuka, na mara nyingi hupanuka bila ya kupimwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, watu wengi wametafuta viwanja na nyumba katika mji huo, na watu wa kazi mbili wamejikuta wakihitajiana: dalali, ambaye anajua nyumba ipi inauzwa, na afisa mikopo wa benki, ambaye anajua nani anaweza kukopeshwa. Mmoja humpelekea mwenzake mteja. Jambo hili ni la kawaida katika biashara ya nyumba, lakini katika Kiswahili halijapata istilahi zilizotulia. Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya maneno manne yanayoingia katika uhusiano huo, yaani dalali, rehani, hongo na rufaa, kisha kutoa mapendekezo machache kwa wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali.

Tuanze na dalali. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia neno dalili. Maana ya msingi ya shina hilo ni kuonyesha au kuongoza njia. Kwa hiyo dalali, kwa asili yake, ni mwonyeshaji: humwonyesha mnunuzi mali, na humwonyesha mwenye mali mnunuzi. Katika masoko ya pwani dalali alitembeza bidhaa na kutangaza bei kwa sauti, na hapo ndipo neno lilipochukua pia maana ya mnadi. Baadaye mahakama zilipohitaji mtu wa kutekeleza hukumu za madeni na kuuza mali ya mdaiwa, kazi hiyo nayo ilipewa jina hilohilo, na leo tunaye dalali wa mahakama. Matokeo yake ni kwamba neno moja linabeba kazi mbili zinazopingana: dalali mmoja humwingiza mtu katika nyumba, na dalali mwingine humtoa. Familia yenye deni ikisikia kwamba dalali anakuja, haina haja ya kuuliza ni yupi.

Neno la pili ni rehani. Hili nalo ni la Kiarabu, na lilifika pwani pamoja na sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo rehani ni mali inayowekwa mkononi mwa mkopeshaji iwe dhamana ya deni, na kushikwa kwa mali hiyo ni sehemu ya maana yake. Unguja na Pemba, katika karne ya 19, ilitumika pia njia ya bei ya hiari: mwenye shamba la karafuu aliliuza kwa mkopeshaji, akabakiza haki ya kulikomboa kwa muda uliowekwa. Kwa njia hii mashamba mengi yalifungwa katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi, hata Serikali ya Kiingereza ya Unguja ikalazimika mwaka 1934 kutunga amri ya kuzuia ardhi isitoke mikononi mwa wenyeji kwa njia ya madeni. Kumbukumbu hii haijafutika katika neno. Watu wengi wanaposema nyumba imewekwa rehani, huelewa kwamba nyumba imekwisha kwenda.

Sheria ya sasa haielewi hivyo. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, rehani ni dhamana tu wala haihamishi miliki. Mkopaji hubaki na haki yake, na mkopeshaji hupata haki ya kuchukua hatua ikiwa deni halikulipwa. Tena, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ya ridhaa ya mwenzi wa ndoa, kanuni ambayo mzizi wake umo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mfasiri anayeandika rehani katika fomu ya benki bila ya kueleza jambo hili anatumia neno sahihi, lakini msomaji wake anasoma maana ya zamani.

Yafaa sasa tuutazame mji wa Dodoma wenyewe, kwa kuwa historia yake si ya kawaida. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mamlaka hiyo ilishika ardhi ya mji, ikapanga na kugawa viwanja, na mwananchi alipangishwa kiwanja kwa miaka 33. Upande wa fedha, Benki ya Nyumba Tanzania ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Aidha, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani ya kuuzwa. Kilichouzwa kwa mujibu wa sheria ni maendelezo yaliyokuwa juu yake. Katika mpango kama huo dalali hakuwa na nafasi iliyotambuliwa. Mgawaji wa viwanja na mtoaji wa mikopo walikutana kwa njia ya karatasi: barua ya toleo, ramani, hati. Kwa sababu hiyo maneno ya wakati huo ni ya kiofisi: kugawiwa, kupangishwa, kuendeleza, kuidhinishiwa.

Nguzo hizo mbili zilianguka moja baada ya nyingine. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya mwaka 1999 ilikubali kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Mwaka 2008 ilitungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba kwa rehani, na benki za biashara zikapewa njia iliyo wazi zaidi ya kuingia katika kazi hiyo. Mwezi Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa na shughuli zake kukabidhiwa kwa Manispaa, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mahali palipokuwa na karatasi pakabaki pengo la habari: nani anauza, hati iko wapi, nani anakopesheka. Pengo hilo ndilo lililojazwa na dalali na afisa mikopo wanapopelekeana wateja.

Hapa ndipo linapoingia neno la tatu, ambalo lina nasaba na uwanda huu wa kati. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache. Watemi wa Wagogo walitoza misafara hiyo malipo ya kupita na ya maji, na malipo hayo yaliitwa hongo. Hayakuwa ya siri. Yalidaiwa hadharani, yakajadiliwa kwa siku kadhaa, na kila mkuu wa msafara aliyahesabu katika gharama zake. Leo neno hilohilo lina maana ya rushwa. Kilichobadilika ni uwazi: malipo yaliyojulikana na pande zote yalikuwa ushuru; malipo yanayofichwa kwa mmoja wa wahusika ni rushwa.

Historia hiyo inatupa kipimo cha kutumia leo. Dalali anayemwelekeza mnunuzi kwa benki akalipwa kwa mkataba ambao mteja na benki wanaujua, amepata ujira. Afisa mikopo anayepokea kitu kutoka kwa dalali ili mkopo upite, huku mwajiri wake hana habari, amepokea hongo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiwagusi watumishi wa umma peke yao. Inamgusa pia wakala anayejinufaisha kwa siri katika shughuli za mkuu wake. Lakini katika mazungumzo ya kila siku malipo yote mawili huitwa chai, au cha juu, au ahsante. Neno lisilotenganisha halali na haramu humsaidia mkosaji na humwacha mteja gizani, maana gharama hiyo huishia katika bei ya nyumba yake.

Neno la nne, rufaa, tumeliona likipendekezwa kwa maana ya kupeleka mteja kutoka mtaalamu mmoja kwa mwingine, kwa kufuata mfano wa hospitali ya rufaa. Hatulikubali. Katika mambo ya mikopo, ambayo yanaweza kufika mahakamani, rufaa lazima libaki kuwa dai la kupinga uamuzi.

Kuna pia hatari ya matamshi. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba, na kazi yake ina sheria yake ya mwaka 2016. Mdhamini huahidi kulipa deni la mwingine. Wasemaji wengi wa bara, ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizo mbili, huyatamka maneno haya kwa namna inayoyakaribianisha mno. Mtu akitia saini akidhani ameitwa kuthamini, kumbe amedhamini, hasara yake ni kubwa.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, dalali wa nyumba litumike kwa anayekutanisha muuzaji na mnunuzi, na dalali wa mnada au dalali wa mahakama kwa anayeuza mali ya mdaiwa. Dalali peke yake lisiandikwe katika mkataba. Pili, fomu za mikopo ziandike rehani ya dhamana, na chini yake sentensi moja isemayo kwamba miliki haihami. Tatu, kitendo cha kupelekeana wateja kiitwe uelekezaji, neno linalokubaliana na asili ya dalali mwenyewe, na malipo yake yaitwe ujira wa uelekezaji, kwa sharti kwamba kiasi chake kimeandikwa na mteja amekiona. Malipo yasiyotimiza sharti hilo yasitafutiwe jina la adabu, kwani jina lake lipo. Nne, mthamini na mdhamini yasiachwe peke yake katika maandishi yatakayosomwa kwa sauti, bali yaandikwe mthamini wa nyumba na mdhamini wa deni.

Walimu wa Kiswahili na wa biashara wanaweza kuyaanza haya darasani bila ya kungoja waraka. Wafasiri nao watuletee fomu na mikataba wanayokutana nayo, ili mapendekezo haya yapimwe kwa maandishi yanayotumika.