Mteule

Rais wa Tanzania akimteua mbunge, mteuliwa hapigiwi kura. Uamuzi ni wa aliyemteua. Ndiyo maana kitenzi "kuteua" kinawafaa sana wafuasi wa John Calvin. Kwao mteule wa Mungu hakuomba wala hakustahili: aliteuliwa kwa neema tu, kabla ya ulimwengu kuumbwa. Wafuasi wa Jacobus Arminius walipinga, wakisema Mungu huwateua wale aliojua tangu awali kwamba wataamini. Sinodi ya Dordrecht, Uholanzi, iliwakataa mwaka 1619.

Ubishi haukuisha. Karne ya 18 uliwafarakanisha marafiki wawili Waingereza: John Wesley, aliyeegemea kwa Arminius, na George Whitefield, aliyeshika ya Calvin. Hata hivyo, wote wawili walihubiri viwanjani kwamba lazima mtu azaliwe mara ya pili.

Kwetu mtu aliyezaliwa hivyo huitwa mlokole, neno lenye asili ya Kiganda lenye maana ya "aliyeokoka", lililoenea na uamsho wa miaka ya 1930. "Mlokole" husema mtu ameokoka. "Mteule" hujibu nani alianza. Anayedai kwamba Mkalvini hawezi kuwa mlokole amsome Whitefield kwanza.