Bwana Nyama wa Shamba la Bibi

Enzi za mkoloni, kila mtumishi wa serikali aliyefika kijijini alipewa jina la kazi iliyomleta. Bwana Shamba alikagua pamba na mihogo, Bwana Afya alikagua vyoo, na kule ziwani na pwani Bwana Samaki alikagua nyavu. Kusini mwa Tanganyika, kuanzia Rufiji hadi Liwale na Tunduru, aliyesubiriwa kwa hamu na hofu kuliko wote alikuwa Bwana Nyama.

Jina hilo lina uzito wake. Katika Kiswahili cha zamani, nyama ni mnyama akiwa hai porini, na ni kitoweo akiwa chunguni. Bwana Nyama alihusika na vyote viwili. Tembo walipovamia mahindi yaliyokaribia kuvunwa, ndiye aliyeitwa na bunduki yake. Akiangusha mmoja, pembe zilikwenda serikalini, nayo nyama wakagawana wanakijiji. Kwa mkulima, huyo alikuwa mlinzi wa shamba. Ila mkulima huyohuyo akikutwa na gobori na paja la pofu nyumbani, Bwana Nyama yuleyule ndiye aliyemfunga.

Sheria iliyomfunga ilianzia kwa Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai vibali na kutenga maeneo mawili ya hifadhi, moja magharibi mwa Kilimanjaro na jingine Rufiji. Mtu aliyerithi kwa babu yake mtego na njia za kumfuata mnyama akawa mkosaji katika pori alilozaliwa.

Kisha ikaja 1905. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi, jirani kabisa na pori la hifadhi ya Rufiji, vikasambaa kusini kote. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mazao yaliyokuwa shambani. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kwa jumla kufikia 300,000. Mashamba yaliyokosa wenyewe yakageuka vichaka, na vichaka vikakaribisha tembo. Anayeisifu nchi hii kama pori lisilowahi kuguswa na binadamu anawasahau watu hao, na kuwasahau ni kuwadhulumu mara ya pili. Sehemu ya utajiri wa wanyama wa kusini imeota juu ya mahame.

Waingereza, walioitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani, walianzisha Idara ya Wanyama mwaka 1919 chini ya C.F.M. Swynnerton, mtu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza mbung'o. Mwaka 1922 hifadhi ya Rufiji ilipewa jina la Frederick Selous, mwindaji na askari wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi ya upande wa Wajerumani huko Beho Beho, Januari 1917. Wenyeji walikuwa na jina lao: Shamba la Bibi. Inasimuliwa kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe pori hilo. Iwe kweli au hadithi, jina linaonyesha jinsi watu walivyoielewa hifadhi: ni shamba la mwenyewe, naye mwenyewe yuko mbali.

Aliyelikuza shamba hilo kuliko yeyote alikuwa C.J.P. Ionides, aliyeingia idarani mwaka 1933 na baadaye kuweka makazi Liwale. Kabla ya hapo aliwahi kuwa jangili wa pembe katika Kongo ya Wabelgiji, kwa hiyo alizijua njia za wezi kwa nyayo zake mwenyewe. Alitembea kwa miguu miezi na miezi, nyuma yake wapagazi na askari wa wanyama waliotoka vijiji vya hukohuko. Vitabuni jina lake limebaki, lakini macho yaliyosoma nyayo mchangani yalikuwa ya askari hao, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Hilo ni pengo kubwa katika historia ya kazi hii.

Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuzuia malale, serikali iliwahamisha watu kutoka sehemu za Liwale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa hifadhini. Ionides aliunga mkono kwa nguvu. Mantiki yake ilikuwa kutenga: tembo waachiwe upande wao, wakulima upande wao, na tembo anayevuka apigwe. Maelfu ya tembo waliuawa kwa ajili ya kulinda mazao. Leo ni vigumu kuamini kwamba kazi ya uhifadhi ilipimwa kwa namna hiyo.

Uhuru ulipokaribia, Septemba 1961, Julius Nyerere alitoa Arusha tamko la kuahidi kuwalinda wanyamapori, akisema wazi kwamba kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha. Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1963. Pasiansi, Mwanza, kikafuata mwaka 1966 kufundisha askari. Bwana Nyama akawa kijana wa Kitanzania mwenye cheti, na cheo chake kikawa afisa wanyamapori.

Alikabidhiwa mzigo mzito. Sensa ya mwaka 1976 ilihesabu karibu tembo 110,000 katika Selous na Mikumi. Bei ya pembe ikapanda, bunduki za kivita zikaingia porini, na kufikia 1989 Selous ilikuwa na takriban 30,000. Mwaka huo serikali ilianzisha Operesheni Uhai, iliyounganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na mwezi Oktoba dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe, Tanzania ikiwa mstari wa mbele kuidai. Tembo wakaongezeka tena. Halafu wimbi la pili la ujangili likaja, na sensa ya 2013 ikakuta tembo 13,000 tu. Kwa askari aliyeanza kazi akiwa kijana na kustaafu mwaka huo, tarakimu hizo ni mizoga aliyoikuta doria, nyuso zimekatwa, harufu imetangulia.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kazi mwaka 2016, na mfumo wa jeshi usu ukaleta vyeo na gwaride. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Sheria nayo imepata maneno mawili ambayo mkulima wa 1930 asingeyasikia kwa ofisa yeyote: kifuta jasho kwa aliyeliwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Ni kiasi kidogo, na wanaokingojea hulalamika kwamba huchelewa.

Sasa ujangili umepungua, na tembo wameanza tena kutoka hifadhini. Huko Liwale, Nachingwea na Tunduru huingia kwenye mihogo, mpunga na mikorosho, na watu wamekufa. Bunduki ya kuua ni hatua ya mwisho. Kwanza hutumika tochi kali, pilipili, honi na mabomu baridi. Simu ya mwenyekiti wa kijiji inapolia usiku wa manane, askari wa zamu hupanda gari na kuelekea shambani, ambako watu wameshawasha moto na kupiga madebe wakimsubiri.